Tumekula jodari mchana, nusu saa baadaye nyumba nzima nyuso zinawaka moto. Hii ni nini?

BintiSahare

Wakuu habari za jioni. Niko Tanga mjini, naomba msaada kwa anayejua, maana hapa nyumbani kila mtu ana lake.

Leo nimepika wali wa nazi na jodari. Samaki nimemnunua kwa kijana wa baiskeli anayepita mtaani, mapande makubwa, nyama nyekundu, harufu mbaya hana. Nikamkaanga, nikamuunga kwa nyanya, ndimu na bizari. Pilipili nikaiweka pembeni kwa anayetaka. Tumekula mimi, mume wangu na mama mkwe aliyetutembelea kutoka Pangani. Mtoto samaki hataki, yeye kala wali na maharage ya jana.

Hata vyombo sijaondoa, masikio yakaanza kuwa ya moto. Kisha uso, shingo, mpaka kifuani. Moyo unanidunda, kichwa kinagonga. Nikadhani ni mimi tu na hili joto la Februari. Kumtazama mume wangu, ambaye ni maji ya kunde, uso umeiva na macho mekundu kama katoka kupuliza kuni mbichi. Mama mkwe anajikuna mikono na tumbo linamsokota. Nikachukua kipimajoto cha mtoto, nikajipima: 36.7. Homa sina! Ila ukinigusa shavu utasema huyu anaungua.

Mama mkwe anasema ni jicho. Mume anasema aleji. Mimi nauliza, aleji gani ya kuwapata watu watatu kwa mpigo, tena wote wamekulia samaki tangu wanaota meno? Mtoto yuko uani anacheza, hana habari.

Mgosi wa Makorora

Pole dada. Ila na wewe, wali wa nazi na pilipili saa saba mchana, Februari, Tanga hii, ulitegemea usikie baridi?

BintiSahare

Kaka pilipili mimi sikuigusa kabisa. Na mama mkwe hali pilipili, ana vidonda vya tumbo.

Babu Chumbageni

Wanangu, wazee walishalimaliza hili. Chakula kuna cha moto na cha baridi. Tende, tangawizi, pweza na hao samaki wa nyama nyekundu ni vya moto, ukila saa ya jua unaongeza moto juu ya moto. Kunyweni maji ya dafu, mjimwagie maji, mkae kivulini. Jicho lipo, lakini jicho halichagui waliokula samaki likamwacha aliyekula maharage.

Kimya Kingi

Mkono wa mtu huo. Kijana wa baiskeli mnamjua kwao?

Nesi Mstaafu

Kimya Kingi tafadhali, usimtie mtoto wa watu matatani kwa kitu usichokijua.

BintiSahare mwanangu, nijibu haraka. Kuna yeyote anayebanwa pumzi, au midomo na ulimi kuvimba? Na wakati mnakula, kuna aliyesikia samaki anawasha ulimini, mfano wa pilipili, wakati pilipili haimo?

BintiSahare

Shikamoo mama. Pumzi tuko sawa, hakuna aliyevimba. Lakini hilo la pili umejuaje?? Mume wangu tonge la kwanza tu kaniuliza "mbona umeshaweka pilipili?" Nikamwambia sijaweka. Tukabishana kidogo tukaendelea kula.

Nesi Mstaafu

Marahaba. Hapo umenimalizia kazi. Hiyo ni sumu ya histamini, imo ndani ya huyo samaki.

Samaki wa ukoo wa jodari, vibua na nguru, na dagaa wa baharini pia, nyama yao ina histidini nyingi. Histidini ni moja ya vijenzi vya protini, na samaki akiwa hai haina neno. Akishakufa akakaa kwenye joto, bakteria waliokuwa kwenye mashavu yake na utumboni wanaingia kwenye mnofu, wanaigeuza ile histidini kuwa histamini. Na histamini ndiyo ileile ambayo mwili wako huimwaga wenyewe ukipatwa na mzio. Ndiyo maana dalili zinafanana mpaka mtu anaandikiwa "aleji ya samaki", anakaa miaka hali samaki bure.

Katika mzio wa kweli, kinga ya mwili wako ndiyo inayokishambulia chakula kisicho na kosa. Wenzako mezani wanaendelea kula na hawadhuriki. Katika hii, histamini imeshatengenezwa ndani ya samaki kabla hujamtia kwenye kikaango, kwa hiyo inawapata wengi waliokula mnofu uleule. Ndiyo maana nakuuliza nani kala nini. Mtoto wako na maharage yake ndiye aliyetoa jibu.

Sasa kwa nini moto bila homa? Histamini inalegeza mishipa midogo ya damu kwenye ngozi. Damu ya ndani, ambayo ni ya moto, inajaa usoni na shingoni. Ngozi inapata moto, lakini joto la ndani ya mwili liko palepale, kipimajoto hakijakudanganya. Mishipa ikilegea presha nayo huweza kushuka, moyo unakwenda mbio kufidia. Kichwa kugonga ni mishipa hiyohiyo.

Kwa kawaida inaanza kati ya dakika 10 na saa moja baada ya kula, na kwa wengi inaisha yenyewe ndani ya siku moja. Dawa za kuzuia histamini kama setirizini huituliza. Ila mama mkwe ndiye ananitia wasiwasi. Umri wake? Ana presha, ana moyo? Kama anazo dawa anazomeza kila siku, msikae naye nyumbani, apelekwe akapimwe. Na kwenu nyote: yeyote akianza kifua kubana, kulia mluzi, ulimi kuvimba au kutaka kuzirai, ni hospitali mara moja. Hapo hatuulizi tena ni mzio au ni histamini.

BintiSahare

Ana miaka 68 na presha anayo, anameza vidonge kila asubuhi. Tunatoka sasa hivi. Asante mama.

Fundi Friji

Mama Nesi naomba kuuliza. Huyo dada kamkaanga samaki kwenye mafuta yanayochemka, kisha kamuunga tena. Bakteria gani anapona hapo?

Nesi Mstaafu

Hakuna anayepona. Bakteria wamekufa wote, lakini walichokitengeneza kimebaki. Histamini haivunjiki kwa moto wa jikoni. Haitoki kwa kugandisha, haitoki kwa ndimu, haitoki kwa kukausha wala kwa moshi. Hata ng'onda aliyechelewa kupasuliwa anakuwa nayo. Hata jodari wa kopo, akiwa aliharibika kabla ya kufika kiwandani, anakuwa nayo.

Na pua usiitegemee. Samaki anaweza kuwa na histamini ya kukulaza kitandani na harufu bado ni ya kawaida.

Mtu wa Kiwandani

Nesi kasema kweli. Nimefanya kazi ya kusindika samaki wa kwenda nje, na kitu cha kwanza maabara ilichokuwa inauliza kwa jodari ni histamini. Kanuni za Codex, yaani viwango vya chakula vya kimataifa, zinaweka ukomo wa miligramu 200 kwa kilo. Ulaya wanachukua sampuli tisa kwenye shehena moja na wastani hautakiwi kuzidi 100. Na haiko sawasawa mwili mzima, kipande kimoja cha samaki huyohuyo kinaweza kuwa kibaya na cha pili kina nafuu. Ndiyo maana wawili wakila samaki mmoja, mmoja analala hoi na mwingine anacheka.

Samaki wa kwenda kwa wageni tunampima hivyo. Anayebaki kwa ajili yetu anapimwa kwa kidole cha mama na macho.

Nahodha wa Kwale

Assalaam aleykum. Nichangie kidogo, maana hapa mmeanzia kwenye kikaango na kumbe hadithi inaanzia baharini.

Sisi wa jarife, zile nyavu kubwa, tunatega jua linapozama, tunavuta alfajiri. Jodari akinasa saa tatu usiku akafa, anakaa ndani ya maji mpaka tumvute. Na maji yetu wakati wa kaskazi yanafika nyuzi 28 hadi 30. Kwa hiyo huyo samaki kabla hajaona jua ameshalala saa saba kwenye maji ya uvuguvugu. Mkononi kwako anaonekana wa leo, na kweli ni wa leo.

Halafu jodari si samaki kama changu. Yeye mwili wake unatunza joto, ni muogeleaji wa mbio. Ukimvua kwa mshipi akapigana sana, ukimpasua palepale tia mkono ndani utasikia joto lake mwenyewe, anazidi maji aliyotoka. Samaki wa namna hiyo anataka barafu haraka kuliko mwingine yeyote. Na huyo ndiye tunayemlaza chini ya ubao wa mtumbwi tukamfunika gunia la maji.

Tukifika diko, pale tunaposhusha samaki, ni saa mbili, saa tatu asubuhi. Mnada ukianza, anamwagwa chini kwenye sakafu, dalali anaita bei, watu wanagombana, jua linapanda. Mchuuzi akimshinda mwenzake anakata, anafunga kwenye baiskeli, anapita mitaani mpaka saa sita. Hesabu wenyewe. Kuanzia kunasa mpaka kikaango saa zinakaribia kumi na tano, barafu hajaiona.

Vibua wa nyavu za taa wana nafuu kidogo, kwa sababu wanavutwa hai na safari ni fupi. Lakini giza likikolea wakavuliwa wengi, mwisho wa siku wale wa chini ya tenga ni haohao.

Wakati barafu ipo, tunafanya hivi: mashavu nje, utumbo nje, damu inaoshwa kwa maji ya bahari yaliyo safi, barafu iliyopondwa inajazwa tumboni na juu yake. Kilo moja ya samaki kwa kilo moja ya barafu. Watu wanaona barafu ni ya kukaa juu tu, inang'aa, mteja aone. Barafu ya juu ni pambo hiyo.

Mchuuzi Deep Sea

Naona wachuuzi tunatajwa. Na mimi niseme langu.

Barafu si ya bure. Nikinunua barafu, nikanunua deli la kuitunzia, bei ya kipande inapanda. Napita mtaani, mama anashika, anabonyeza, anauliza "huyu wa barafu?" Nikijibu ndiyo, ananiachia samaki wangu hapohapo! Anasema samaki wa barafu amelala, hana ladha, anataka wa leo. Mwenzangu nyuma yangu kabeba samaki amepauka kwa jua, hana hata chembe ya barafu, anasema "wa leo mama, katoka majini saa hii". Anauza wote. Sasa mnataka mimi ndiye niwe mjinga?

Mama Ubwabwa

Hapo mchuuzi kasema ukweli mchungu. Nina genge la chakula miaka mingi na ndivyo tunavyonunua. Tukiona barafu tunajua katoka friji ya mtu wiki iliyopita.

Nahodha wa Kwale

Shangazi, wapo wa hivyo, sikatai. Samaki aliyezeeka ndipo akatiwa barafu, huyo kazikwa tu. Lakini aliyewekwa barafu akiwa bado mgumu ni bora kuliko huyo "wa leo" aliyezunguka juani tangu asubuhi. Mwangalie jicho, lijae lisizame. Mashavu yawe mekundu yasiwe ya udongo. Mnofu ukiubonyeza urudi. Hivyo havikuhakikishii histamini, Nesi ameshasema, ila vinakupunguzia. Muhimu kuliko vyote ni swali: barafu iliingia wapi, chomboni au kwako?

Kijana wa Muheza

Mama Nesi shikamoo. Na mimi nina swali linalonisumbua. Mdogo wangu yuko kwenye dozi ya TB. Tangu aanze, akila vibua anawaka uso, macho mekundu, moyo unamwenda mbio. Sisi tunakula sufuria hiyohiyo hatupati kitu. Kwa maelezo yako inakuwa aleji basi, maana ni yeye peke yake?

Nesi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Swali zuri sana, na wengi kliniki hawaambiwi.

Ndani ya dozi ya TB kuna dawa inaitwa isoniazidi. Mwili una vimeng'enya vya kuvunja histamini inayoingia na chakula, na ndiyo maana ninyi mkila vibua wenye histamini kidogo hamsikii lolote. Isoniazidi inavizuia vimeng'enya hivyo. Kwa hiyo kile kidogo ambacho kwenu kinapita bila kelele, kwake kinaingia chote kwenye damu. Na isoniazidi hiyohiyo wanapewa pia watu wengine kama kinga ya TB, nao hili linawahusu.

Sasa sikiliza vizuri: ASIACHE DOZI. Narudia, asiache hata siku moja kwa sababu hii. Aache vibua, jodari, nguru na dagaa wa baharini mpaka amalize. Ale changu, ale chewa, ale kuku na maharage. Na wahudumu wake wa kliniki awaambie kilichompata, kwa sababu dawa zenyewe nazo zinaweza kuleta mzio na wao ndio wa kutofautisha.

Kijana wa Muheza

Alishaanza kuficha vidonge mama. Alikuwa anadhani dawa ndizo zinazompiga vita na chakula. Namuonyesha hii sasa hivi.

BintiSahare

Tumerudi wakuu. Mama mkwe kapimwa, presha ilikuwa imeshuka kuliko kawaida yake. Kachomwa sindano, kawekwa chini ya uangalizi mpaka ilipopanda, sasa kalala. Mimi na mume wangu tumepewa vidonge, uso umepoa, kichwa bado kizito. Daktari aliuliza swali lilelile la ulimi kuwasha.

Mama mkwe anasema dawa imefanya kazi lakini jicho ndilo lililomchagua samaki mbovu. Sijambishia.

Mgosi wa Makorora

Mshukuru Mungu dada. Lakini jamani na pilipili nayo tupewe maelezo. Mbona mimi nikila chachandu ya mishikaki pale Barabara ya 12 natiririka jasho kichwani mpaka watu wananihama?

Nesi Mstaafu

Wewe huna ugonjwa, una tamaa. Kilichomo kwenye pilipili kinabonyeza kipokezi kwenye mishipa ya fahamu ambacho kazi yake ni kutoa taarifa ya joto la nyuzi 43 na kuendelea. Ubongo unapokea taarifa kwamba mdomo unaungua, unaamuru jasho. Mgunduzi wa kipokezi hicho, David Julius wa Marekani, alipata Nobel mwaka 2021. Joto la kweli halipo.

Na mkumbuke mlo wowote unaongeza joto kidogo, kwa sababu kusaga chakula ni kazi. Nyama na samaki ndio wanaoongoza: katika nguvu iliyomo kwenye protini, asilimia 20 hadi 30 inatumika kuimeng'enya tu, wakati mafuta hayafiki hata 5. Kwa hiyo Babu Chumbageni aliposema kuna vyakula vya moto hakuwa amepotea njia yote.

Babu Chumbageni

Ahsante binti yangu. Sasa na mimi nitibu. Nikila ubwabwa nikashiba, nikisimama kwenda msikitini kichwa kinazunguka, jasho jembamba linanitoka, ukuta unanisaidia. Nikikaa kidogo linapita.

Nesi Mstaafu

Shikamoo babu. Hiyo kwa umri wako ni damu kukimbilia tumboni kufanya kazi ya chakula, presha inashuka ukisimama. Hutokea ndani ya saa mbili baada ya kula. Kula kidogo kidogo, wali upungue sahani ijae mboga, kunywa maji kabla ya mlo, na usinyanyuke ghafla. Kapime presha mara mbili, kabla ya kula na saa moja baada ya kula, uwapelekee namba hizo wanaokupa dawa. Huenda saa ya kumeza vidonge ikabadilishwa. Na kisukari ukapimwe pia, usiniambie ulipimwa zamani.

Shavu Moja

Mimi msinicheke. Nilifanyiwa upasuaji wa uvimbe mbele ya sikio, ikapita kama mwaka. Sasa nikila embe bichi kwa chumvi, au ukwaju, shavu la upande ule tu linapata moto na kulowa jasho. La pili kavu kabisa. Mke wangu ananifuta kwa khanga mbele ya wageni.

Nesi Mstaafu

Hakuna wa kukucheka. Hapo mbele ya sikio ndipo ilipo tezi kubwa ya mate. Mishipa ya fahamu iliyokuwa ikiamuru mate ilikatwa, ilipoota tena ikapotea njia, ikaingia kwenye tezi za jasho za ngozi. Ukila kichachu, amri ya mate inatoka jasho. Łucja Frey, daktari wa Poland, aliieleza vizuri mwaka 1923 na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Haina hatari. Ikikukera sana rudi kwa waliokupasua, ipo sindano ya kuituliza kwa miezi kadhaa.

Mama Ubwabwa

Nirudi kwenye samaki maana kesho nina shughuli. Nimenunua vibua tangu asubuhi, viko kwenye beseni jikoni, umeme ulikatika saa nne ukarudi saa tisa. Nimeshavitia friji. Nikivikaanga sana mpaka vikauke si vitafaa?

Nahodha wa Kwale

Havifai shangazi. Friji imesimamisha tu pale vilipofikia, haivirudishi nyuma. Na ukivikausha unabakiza histamini yote ndani ya samaki mdogo zaidi. Shughuli ya watu wengi usijaribu, utakusanya mtaa mzima hospitali. Mwaga hivyo. Kesho njoo diko mapema na ndoo yako na barafu umeshanunua, nikuchagulie changu. Kama lazima viwe vibua, viingie kwenye barafu hapohapo nikikukabidhi, kabla hujapanda bajaji.